Siku Mfuko wa Apo Ulipoandikwa DSM

Jamaa zangu wa barazani, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa.

Shomari, wewe ndiye msomaji, soma polepole, na kabla hujaanza tazama nani yupo. Kama mke wangu Bi Mwanaisha amesimama hapo kununua kashata, ngoja apite kwanza. Naandika kwa mkono hapa ofisini kwa Haji, yule Mmakunduchi anayetusafirishia mizigo. Karatasi hii ataitia kwenye faksi yeye mwenyewe, na nimemwambia asiisome. (Anaisoma. Namwona.)

Mwandiko mtanisamehe. Darasa la tatu nyuki waliingia darasani, tukatoka mbio, wenzangu wakarudi. Mimi bado.

Sasa chanzo. Chumba changu hapa Sanyuanli, kwa Wachina, ni cha bibi mmoja wa makamo yangu. Tunamwita Apo, ndivyo bibi kizee anavyoitwa huku kwa heshima. Mwaka jana homa ilinilaza, nikatetemeka mpaka kitanda kikahama ukutani. Apo akanipikia uji wa mchele siku tisa, akanilisha kwa kijiko kama kinda. Sasa mtu aliyekulisha kwa kijiko, akikuambia twende, huulizi wapi. Unauliza nivae viatu gani.

Mumewe ana uvimbe tumboni. Kesho saa moja asubuhi anapasuliwa. Apo akaweka nadhiri kwa dini yao ya Buda, kwamba atayaendea kwa miguu mahekalu kumi na mawili, na la kumi na mbili atalifikia kabla mzee hajaingizwa chumba cha kisu. Kila hekalu wanakugongea muhuri mwekundu kwenye mfuko wa kitambaa cha njano unaouvaa shingoni. Mihuri ikitimia, mfuko unalazwa chini ya mto wa mgonjwa. Na una masharti. Usiguse ardhi. Usisafirishwe kwa gari. Na usipungue hata muhuri mmoja.

Magoti ya Apo yanalia kama mlango wa godauni. Mwanawe wa pekee yuko nchi za mbali. Nani atambebea mwavuli na chupa ya chai? Mimi.

Msinitolee macho! Nilimuuliza ustadhi wa msikiti tunaoswali huku. Akasema, "Kumsindikiza jirani ni wema. Beba, ila usiiname." Basi Apo akiingia na udi wake, mimi nakaa kwenye ngazi na mwavuli. (Hekalu la kwanza nilivua viatu mlangoni kwa mazoea ya msikitini. Kumbe wao huingia navyo. Nikazunguka ua mzima na soksi yenye tundu, kidole gumba kinachungulia kama kobe.)

Wiki tatu tumetembea. Kwenda miguu, kurudi miguu. Mengine ya mjini, mengine kule vilimani, mawili ya mbali tulilala huko huko nikala kabichi usiku na asubuhi. Mjini wamechimba treni mpya ya chini ya ardhi, tunaisikia ikinguruma chini ya nyayo zetu, watu wanapita huko wamekaa wanapepewa, na sisi juu tunachechemea. Apo neno lake ni moja tu, "Man man." Polepole. Nyayo zangu zimeota malengelenge mpaka nikayazoea kama watoto wa jirani.

Mihuri kumi na mmoja ikaingia. Leo ulikuwa umebaki mmoja.

Tumetoka nyumbani saa mbili asubuhi. Hekalu la mwisho liko ng'ambo ya mto, na mtawa anayegonga mihuri hufunga meza saa kumi kamili. Apo leo mkono mmoja ana mkongojo na mwingine anashika ukuta, ameinama mpaka mfuko unakaribia kugusa ardhi, hivyo akanivika mimi shingoni. Akaupiga kofi dogo mara mbili, kama unavyompiga mtoto anayekwenda shule. Nikasema moyoni, leo sipepesi macho.

Hatukufika mbali. Tunapita mbele ya godauni la Haji, nikasikia:

"Mzee Jembe! Hebu njoo wewe! Robota lako liko wazi, halina alama ndani wala nje, na kontena linafungwa leo saa nane!"

Nikamwonyesha Apo vidole viwili, dakika mbili. Akakaa kwa muuza machungwa. Nikaingia.

Hapa Shomari punguza sauti.

Zile shuka za maharusi ninazosema naleta kila safari, si shuka. Ni sidiria. Zenye sifongo na vyuma chini. Zinapendwa, hazipoi sokoni. Lakini mtu mwenye ndevu nyeupe kama mimi, ninayeitwa kusuluhisha ndoa za watu, ningesimamaje barazani niseme naleta hayo? Nikasema shuka. Nikamwambia na Haji shuka. Mke wangu naye shuka. Miaka minne shuka!

Kiwandani wanazifunga vifurushi vidogo vya dazeni kwa kitambaa cha njano, kumi na viwili kwa robota. Na mnajua tangu vifurushi vyangu viwili vilipoyeyuka njiani, mimi siandiki alama juu ya robota tu, naandika kila kifurushi cha ndani. JEMBE DSM, na namba yake. (Wageni barazani waelezeni kwamba nilianza na biashara ya majembe, jina likaganda.)

Huku wino ni wa kopo, unaandika kwa burashi. Mfuko wa Apo ukawa unaning'inia juu ya kopo, unataka kuchovya. Nikauvua kwa adabu. Nikaukunja, mihuri ndani isipate doa. Nikauzungushia mkanda wake, nikaulaza juu ya vifurushi, maana usiguse ardhi, si ndiyo sharti? (Sharti nilishika. Akili ndiyo iliniponyoka.)

Haji akaniita nitie saini karatasi zake. Nikatia. Nikarudi kwenye mzigo. Miwani nimeiacha nyumbani juu ya redio. Nikaanza: JEMBE DSM moja. JEMBE DSM mbili. Mkono unakwenda wenyewe. Nikafika kumi na mbili, nikaona kimebaki kimoja.

Kumi na tatu!

Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nikasema kimoyomoyo, hawa wa kiwandani wamekosea, wamenizidishia. Riziki hiyo! Nikakiandika kumi na tatu kwa mwandiko mzuri kuliko vyote, nikakirusha ndani kwa mikono yangu hii. Wabanaji wakakanyaga, wakabana na mashine, wakashona mdomo. Nikatoka nje napiga mluzi.

Mwizi anapiga mluzi, jamani.

Saa sita adhuhuri tukafika darajani. Hapo tuliahidiana na Zuhura, binti wa Tanga anayesomea udaktari huku. Kichina anakizungumza mpaka wenyewe wanamuuliza njia. Akanishika mkono, "Shikamoo Babu, leo unang'aa!"

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo mwisho wa safari."

Apo akaninyooshea mkono. Anataka tasbihi yake iliyomo mfukoni.

Nikajipiga kifuani. Kifua kitupu.

Nikajipiga tena, kana kwamba mfuko umejificha nyuma ya mbavu. Nikageuka nyuma, nikajizunguka kama kuku anayetafuta kivuli chake. Halafu nikakiona kile kifurushi cha kumi na tatu, kwa macho ya ndani, kilivyoruka na kutua. 

"Zuhura," nikasema, "mfuko nimeupakia. Unakwenda Dar es Salaam."

"Babu, sitafsiri hilo mpaka uniambie unatania."

"Tafsiri."

Akatafsiri. Apo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akaketi kwenye ukingo wa daraja, akaulaza mkongojo mapajani, akasema maneno machache akiyatazama maji.

"Anasema nini?"

Zuhura akatafsiri. "Anauliza, atamwambia nini mzee wake."

Nikasimamisha teksi kwa mwili mzima, nikasimama katikati ya barabara. Kwenda kwa gari sikatazwi, aliyekatazwa ni mfuko. Njiani nilisoma kila dua niliyofundishwa, na nyingine nikazitunga. Picha iliyonijia ni kontena linafungwa, lakiri inabanwa, na mihuri kumi na mmoja ya bibi wa watu inaelea baharini siku arobaini katikati ya sidiria.

Nimefika, robota liko juu ya lori, chini kabisa, juu yake pana mabeseni ya watu na mitungi. Injini inanguruma.

"Haji! Lori limeshasogea?"

"Bado, dereva anamalizia tambi."

"Halijasogea hata hatua moja?"

"Mzee una nini leo? Hata hatua moja!"

Alhamdulillahi. Gari lisilotembea ni chumba. Nikasema shusha! Haji akaniambia nimerogwa. Nikasema nimerogwa, shusha! Wakashusha mabeseni, wakashusha mitungi, kila mwenye mzigo akinitukania ukoo kwa lugha yake. Wakongo kwa Kifaransa. Mkenya mmoja akasema buda, ndivyo mzee anavyoitwa kwao, ameshikwa na jua. Robota likatua, uzi ukakatwa, vifurushi vikamwagwa juu ya turubai.

"Nipe kumi na tatu," nikamwambia Haji, maana mimi bila miwani naona ukungu.

Akainama. Akavigeuza. "Mzee, hiki kumi na tatu. Na hiki nacho kumi na tatu. Hiki nacho. Na hiki hapa, kumi na tatu imepinduka."

Wino ulikuwa mbichi! Mashine ilipobana, namba yangu nzuri ile ikajigonga kwa majirani zake wote, ikazifunika namba zao. Vifurushi vinne, ndugu wa tumbo moja, sura moja. Nikabonyeza cha kwanza, vyuma na vijipete. Cha pili, vitu vigumu. Tasbihi ni vitu vigumu. Vyuma vya sidiria ni vitu vigumu. Vidole havijui.

Haji akachomoa kisu. "Basi tuvifungue vyote, dakika moja tu."

Sasa hapa ndipo nilipojiuza. Dakika moja! Ningesema ndiyo, faksi hii isingekuwapo. Lakini nikainua macho. Nimezungukwa. Watanzania sita, Wakongo, Mkenya, dereva na tambi zake. Wote wananijua mimi ni Mzee wa Shuka. Na kisu kimeshagusa kamba.

Nikavikumbatia vyote vinne. "Usiguse! Hizi za maharusi hazifunguliwi njiani!"

Haji akabinya kimoja. "Mzee, shuka gani ina chuma?"

"Ya kisasa!"

Nikafunga vifurushi vinne mgongoni kwa kanga ya Haji, nikatoka. Saa saba ilikuwa imepita. Adhuhuri niliiswali hapo hapo nyuma ya lori, mbio mbio, Mungu ananijua.

Kutoka hapo mpaka darajani kwa miguu ni saa mbili za mtu mzima mwenye akili. Mimi nina miaka sitini na nne na mzigo wa wanawake mgongoni. Siwezi kupanda basi, mfuko uko humo. Siwezi kutua nipumzike, mfuko usiguse ardhi. Nikichoka naegemea mti, nimesimama kama punda aliyesahauliwa. Njiani pana minara yenye saa, na kila saa inanicheka. Saa nane kasorobo. Saa nane na robo. Mvua ikaanza, ile ya huku isiyo na haya. Mwavuli? Uko kwa Apo. Nikaona wino wa kopo unanichuruzika shingoni, mweusi. Askari mmoja wa barabarani akanitazama, akaona mzee Mwafrika analia wino, akageuka upande wa pili.

Saa tisa kamili, daraja.

Apo yupo pale pale. Hakutoka. Zuhura amemshikia mwavuli. Nikageuka nimwonyeshe mgongo. Akavihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akanitazama.

"Anauliza upi wake," akasema Zuhura.

"Mwambie mmojawapo. Twende."

"Babu, si tuvifungue hapa?"

"Hapa pana mvua!" (Mvua ilikuwa imekatika. Mbele yetu pana wauza samaki na watu mia, ndiyo sababu.)

Man man. Kutoka darajani mpaka hekaluni ni mwendo wa robo saa, kwa magoti ya Apo ni karibu saa nzima. Kila ngazi ya njiani anasimama, anapumua, anaiomba ruhusa. Nilitaka kumbeba, akanipiga mkongojo. Nadhiri haibebwi. Zuhura anatazama saa yake ya mkononi, nami namtazama Zuhura. Saa kumi kasoro kumi tunaona paa. Kasoro sita, lango. Uani pamejaa mabibi wa kila aina na mifuko yao ya njano, na pale kwenye meza mtawa mzee ameshaanza kufuta sahani ya wino mwekundu.

Zuhura akapaza sauti. Mtawa akainua mkono uliokuwa umeshika muhuri, akangoja.

Nikavitua vifurushi mezani. Jasho, mvua na wino. Nikakata kamba ya kwanza.

Jamani. Sidiria iliyobanwa na mashine haifunguki, inapumua. Zikainuka moja moja kama maandazi kwenye mafuta. Nyekundu! Zikapanda, zikamwagika meza nzima, moja ikanasa kwa kijipete chake kwenye mkono wa kanzu ya mtawa. Yule baba wa watu akatulia tuli, kama mtu aliyetuliwa na nyuki.

Mabibi wote uani wakageuka.

"Babu," akanong'ona Zuhura, "hizi ndizo shuka?"

Kasoro nne. Nikakata cha pili. Bluu, zenye maua.

Cha tatu. Saizi kubwa. Acheni tu.

Wakati huo mabibi wameshatuzunguka. Bibi mmoja, meno mawili, akaokota moja, akaibinya sifongo, akajipima juu ya koti, akaniuliza kitu. Na mimi, Mungu anisamehe, mbele ya meza ya watu ya ibada, mihuri ya Apo haijaonekana, dakika zinayoyoma, mdomo wangu ulioshinda sokoni miaka arobaini ukafunguka bila kunishauri, kwa Kichina chote ninachokijua:

"Rejareja au jumla?"

Walicheka! Uani mzima ulicheka, mabibi wakashikana mabega. Mtawa mwenyewe aliuma mdomo, sidiria ingali inaning'inia mkononi. Nikatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ya huku ni ya saruji.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja. Apo amekishika kile cha nne kwa mikono miwili, anafungua mkanda.  Mabibi wakamwona, wakaacha kucheka.

Akakunjua. Mihuri kumi na mmoja, myekundu, mizima. Tasbihi. Udi wake umevunjika vipande, lakini upo. Akautandaza mfuko mezani, na Zuhura akaupapasa kuangalia kama umelowa, akaugeuza.

Nyuma yake, herufi nyeusi kubwa kama za bango: JEMBE DSM 13.

Mtawa akainama kuzisoma. Akauliza.

"Anasema hajawahi kuuona muhuri huu," Zuhura akanigeukia. "Anauliza ni wa hekalu gani."

Nikasema mwambie ni wa Kariakoo. Sijui alimwambia nini. Mtawa akatikisa kichwa taratibu, akaugeuza mfuko upande wake, akachovya, akagonga. Wa kumi na mbili. Kengele ya kufunga ikalia mkono wake haujainuka.

Apo akaketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa mfuko. Mabega yakatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sikuuliza. Wale mabibi wakanikunjia sidiria zangu zote vizuri, dazeni kwa dazeni, kuliko hata kiwandani. (Tatu hazikurudi. Sikuuliza pia.)

Hospitalini tulikwenda kwa basi, nadhiri imekwisha, Apo alilala njia nzima kinywa wazi. Mumewe tulimkuta amekaa kitandani, mwembamba kama mkongojo wa mkewe. Apo akautia mfuko chini ya mto. Halafu akautoa tena, akazielekeza zile herufi kwangu.

"Anataka kujua zinasema nini kweli," akasema Zuhura.

Nikaona aibu, lakini nikaeleza. Nikasema ni alama ya mzigo. Ikishaandikwa, maana yake mzigo una mwenyewe, hachukui mtu mwingine, na lazima ufike. Zuhura akatafsiri neno kwa neno.

Apo akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo ya mumewe, akatoa kalamu nene ya wino, akanipa. Akafunua shuka (ile ya kweli) miguuni kwa mzee wake.

"Anasema umwandike na yeye."

Zuhura alisema kisiginoni hakuna daktari atakayehitaji kufuta. Nikapiga goti sakafuni. Nikaandika JEMBE. DSM nikaiacha, nisije nikampeleka mtu Kariakoo bila pasipoti. Chini yake nikaandika 1/1, maana huyo hana wa pili. Herufi tano hizo nikaziandika polepole kuliko robota zima. Mzee akatazama kisigino chake, akasema kitu kwa sauti ya karatasi, Apo akampiga begani.

"Anasema uweke na mshale wa juu ni huku," Zuhura akafuta macho, "wasije wakampindua."

Nikaweka.

Sasa niko hapa kwa Haji, ambaye Zuhura ameshamsimulia yote, na amenipokea mlangoni mkono kifuani, "Shikamoo, Mzee wa Kisasa." Bi Mwanaisha nitamkabili mwenyewe, msinitangulie. Lakini leo nawaomba, msicheke. Mfungeni mdomo hata Shomari. Subirini yule mzee aamke kwanza. Akishaamka, nichekeni mpaka kahawa iwatoke puani.